Bi. Dorah Mong'ina na Mwanga wa Kijani Alioukataa

Bi. Dorah Mong'ina Omosa, Fundi Mkuu wa Maabara ya Kemia katika Chuo cha Sayansi cha Kuja Juu, hapa nje kidogo ya mji wa Rongo, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo kwa miaka thelathini na karibu miezi tisa. Aliajiriwa tarehe 3 Oktoba 1994. Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa tarehe 27 Juni kuanzia saa saba mchana. Wazungumzaji wote wameombwa wafupishe, kwa sababu mwenye sherehe ni Msabato, na jua likikaribia kutua ataondoka, haidhuru hotuba imefika wapi. Mkuu mmoja wa chuo wa zamani aliwahi kudhani ni utani. Alimalizia hotuba yake mbele ya kiti kitupu.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa stoo ya kemikali inatazamana na maabara yake, mlango kwa mlango. Kwa miaka kumi na tisa mimi nimekuwa nikimpa vitu, naye amekuwa akinirudishia akisema sivyo alivyoomba. Mara nyingi alikuwa na haki. Hizo mara nyingine sitazitaja, leo ni siku yake.

Bi. Dorah alizaliwa mwaka 1965 upande wa Kisii, akaletwa Migori akiwa mdogo wakati wazazi wake walipohamia huku kwa biashara ya ndizi. Siku za mnada alikwenda na mamake soko la Ogwedhi, mahali ambapo Mjaluo, Mmaasai, Mkuria na Mkisii hubishana bei kwa Kiswahili ambacho hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nacho. Anasema huko ndiko alikojifunza kukisia uzito wa ng'ombe kwa macho. Ujuzi huo hakuuleta maabara. Huku hakukisia chochote.

Alianza kazi kwa kuosha vyombo vya kioo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa akiwaambia wahadhiri ni chombo gani walichokitumia vibaya na walikitumia kwa kazi gani, kwa kuangalia tu doa lililobaki. Akasoma stashahada wakati wa likizo, akapanda daraja baada ya daraja, na mwaka 2011 akawa Fundi Mkuu. Mafundi thelathini na wanane wamepita mikononi mwake, na wote wana tabia moja inayowatambulisha popote walipo. Hawawezi kupita karibu na chupa isiyoandikwa tarehe bila kuumwa.

Hakuna mtu chuoni aliyewahi kumwona ameketi. Mwaka 2003 alinunuliwa kiti kirefu cha kazi, na karatasi yake ya nailoni haijatolewa mpaka leo. Viatu vyake husikika ukumbini kuanzia saa moja kasoro asubuhi, mwendo wa mtu aliyesahau kitu jikoni, na sisi wengine tulijifunza kupima muda kwa sauti hiyo. Mwaka 2009 mhadhiri mmoja alipatikana maabara akinywa chai kwa bika ya kupimia. Bi. Dorah hakugomba. Aliichukua ile bika na chai yake, akaibandika lebo, "Sampuli, asili haijulikani," na kuiweka kwenye friji ikakaa miezi saba. Mhadhiri huyo sasa anafundisha nchi za nje na habari tulizonazo ni kwamba anatembea na kikombe chake.

Haya yote ni mambo ya kawaida ya mtu mzuri wa kazi, na wasifu ungeweza kuishia hapa watu wakala. Lakini mwaka huu wa mwisho haukuwa wa kawaida, na mwenyewe ameniambia kwamba nikiuruka ataniandikia barua ya masahihisho.

Mwaka 2018 chuo kilianza mradi wa taa chini ya Dkt. Chrispine Wangwe. Kwa wasiopita upande wetu, nitaeleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Kuna ukoo wa fuwele unaoitwa perovskaiti. Ukiipaka fuwele hiyo nyembamba juu ya kigae cha kioo na kuipitishia umeme, inatoa mwanga, mwanga safi, kwa umeme kidogo sana. Tatizo ni kwamba zinazong'aa vizuri zaidi zina risasi ndani yake, metali ile ile ya betri za gari, na katika fuwele hizi risasi huyeyuka majini kama chumvi. Ikishaingia mwilini mwa mtoto haiagi. Kwa hiyo kazi ya Dkt. Wangwe ilikuwa kutafuta jamaa za perovskaiti zisizo na risasi kabisa. Walijaribu bati kwanza. Bati liliwaka jekundu, zuri, kisha likaona hewa na kufa kabla mtu hajaita wenzake. Wakahamia shaba pamoja na siziamu na bromini, mchanganyiko unaotoa mwanga wa bluu, mpole, usiojivuna.

Taa hizo zilikusudiwa wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaovutia samaki kwa taa juu ya maji. Ndiyo maana mnamo mwaka 2022 Dkt. Wangwe na Bi. Dorah walikwenda Kisegi, ng'ambo ya Suba, kuonana na Filister, mama anayekodisha taa kwa mashua zaidi ya ishirini. Filister aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nyar Kisii," yaani binti wa Kisii, alimwambia Bi. Dorah, maana tangu dakika ya kwanza aliamua daktari si mtu wa kuulizwa, "na hii taa ikianguka kwa maji? Kila msimu taa zinaanguka. Sisi tunakunywa hayo maji."

Bi. Dorah akamjibu kwamba ndiyo sababu wanatafuta isiyo na risasi.

"Basi mtakapopata, iwake saa mia moja," Filister akasema. "Safari kumi za giza la mwezi. Kuna watu walituletea taa ya siku mbili na picha nyingi."

Bi. Dorah akaahidi. Aliahidi papo hapo, bila kumtazama Dkt. Wangwe, kwamba kabla hajastaafu atawasha kigae kisicho na risasi kitakachofika saa mia. Dkt. Wangwe anasema aliposikia hivyo alikohoa, lakini ilikuwa tayari imesemwa.

Sasa, Kisegi mgeni haondoki mikono mitupu. Filister aliwaletea mumi mkubwa, samaki laini wa kuteleza, zawadi ya heshima. Bi. Dorah akashukuru, akaeleza taratibu kwamba dini yake haimruhusu kula samaki asiye na magamba. Dkt. Wangwe, ambaye dini yake haina neno na mumi, alijitolea kumbeba, lakini hilo halikumaliza deni la mwenye nyumba. Filister akaingia ndani akatoka na chubwi kumi mpya, vile vipande vya risasi vya kuzamishia wavu, vimefungwa kwenye kitambaa. "Hii haina magamba wala mapezi," akasema, "chukua uwekee karatasi zisipeperuke." Ukimkatalia mtu zawadi mara mbili umemtukana. Bi. Dorah akazipokea kwa mikono miwili. Zikakaa kwenye droo ya maabara miaka miwili, zikisubiri karatasi.

Karatasi ilipatikana mwishoni mwa mwaka jana. Unga wa fuwele hukaushwa kwenye bakuli ndani ya kabati la kutolea mvuke, umefunikwa kwa karatasi yenye vitundu ili mvuke utoke na vumbi lisiingie. Feni ya kabati hilo ilikuwa imebadilishwa, mpya ilikuwa na nguvu, na kila asubuhi karatasi ilikutwa sakafuni. Bi. Dorah akafungua droo, akachukua chubwi nne, akaziweka pembe nne za karatasi. Feni ikashindwa. Mambo yakaendelea.

Alhamisi tarehe 13 Februari mwaka huu, Beverly, mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamivu, aliwasha kigae kipya ndani ya chumba cha giza na kupiga ukelele uliosikika mpaka stoo. Nilikimbia nikidhani ni asidi. Kigae kilikuwa kikitoa mwanga wa kijani. Sijaona kijani kama kile, kijani cha majani ya mahindi baada ya mvua ya kwanza, na kilikuwa kikali kiasi kwamba niliona vumbi la viatu vyangu. Vigae vya bluu tulivyovizoea vilitosha kumwonyesha mbu, iwapo mbu mwenyewe alikuwa tayari.

"Hii ni noma, Daktari!" Beverly alikuwa akirukaruka. "Hii ni noma kabisa!"

Chuo kizima kikapanda moto. Dkt. Wangwe akaandika kurasa nne kueleza kwa nini shaba imegeuka kijani, na zilikuwa kurasa nzuri, mimi mwenyewe nilisadiki. Kigae kile kikapita saa mia kikiwa bado kinawaka. Ikapangwa safari ya Kisegi Ijumaa tarehe 21 Machi kukabidhi taa za kwanza za majaribio. Fulana za kijani zikashonwa. Beverly akaanza kuandika tasnifu yake kuanzia mwisho.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Bi. Dorah alisimama mbele ya kile kigae, akainamisha kichwa upande mmoja, akatoka. Viatu vyake vikaenda mpaka mwisho wa ukumbi, vikarudi, vikaenda tena. Siku kadhaa alifanya hivyo. Ukimuuliza, anasema anatafuta kipimajoto.

Jumanne tarehe 4 Machi alikuja stoo akaomba asidi ya salfuriki bila fomu. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuomba hata pamba bila fomu. Nikampa, nikamfuata kwa macho. Alichukua kijiko cha unga kutoka kwenye lile bakuli, akauyeyusha kwa asidi ya naitriki ndani ya mrija wa kioo, kisha akatia matone ya ile niliyompa. Hicho ni kipimo ambacho mtoto wa kidato cha nne anakijua. Shaba ingebaki imetulia katika maji yake ya samawati. Badala yake ukungu mweupe ulitokea katikati ya mrija na kushuka polepole mpaka chini, ukalala.

Ukungu ule ni risasi.

Akaenda kwenye kabati la mvuke, akanyanyua chubwi moja moja. Zilikuwa zimeota unga mweupe tumboni. Mvuke wa asidi ya bromini uliotoka kwenye unga unaokauka, wiki baada ya wiki, ulikuwa umezila kimyakimya, na makombo yalikuwa yakidondokea kwenye bakuli kupitia vile vitundu vya karatasi. Kilichokuwa kinawaka kijani ni perovskaiti ya risasi, ile ile tuliyoikimbia tangu mwaka 2018, imeingia kwa mlango wa nyuma. Na mlango aliufungua yeye, mtu ambaye hajawahi kumsamehe yeyote kwa chupa isiyo na tarehe.

Kwa siku sita hakumwambia mtu. Analisema mwenyewe na ametaka liandikwe: siku sita. Alikuwa amebakiza chini ya miezi minne. Hakuna aliyeshuku. Mara moja katika siku hizo alisimama mlangoni pa stoo akaniuliza, "Maranga, mtu akikosea mwishoni, anahesabiwa ule mwisho au anahesabiwa yote?" Nikamjibu kwamba stoo huhesabu kilichobaki. Akaniambia hilo ni jibu la kipumbavu, akaondoka kwa kasi. Akarudi kuomba radhi. Akaondoka tena. Wakati huo sikujua anazungumzia nini, ingawa nilikuwa nimeuona ule mrija. Kuona na kuelewa havikuajiriwa siku moja.

Jumatatu tarehe 10 Machi tulikuwa na mkutano wa kupanga safari ya Kisegi. Dkt. Wangwe alikuwa amefikia nani atapanda gari gani. Bi. Dorah, amesimama kama kawaida yake, akamkatiza.

"Daktari, hiyo kijani si yetu."

"Si yetu, ya nani tena, Mama?"

"Ya risasi. Na risasi niliiweka mimi."

Akatoa mrija mfukoni mwa koti, akatoa chubwi nne, akaziweka mezani juu ya orodha ya magari, na kueleza kila kitu kwa dakika tatu. Hakujitetea. Hakuitaja feni. Mimi ndiye ninayeitaja feni.

Beverly alikuwa wa kwanza kusema. "Madam, hapana. Hapana. Hiyo ndiyo tasnifu yangu."

"Najua, mwanangu."

Dkt. Wangwe naye akasema maneno ambayo ameniruhusu kuyaandika, kwa hoja kwamba heri ayasome hapa kuliko ayasikie kantini. Alisema, "Mama, umebakisha miezi mitatu na ushee. Ungekaa kimya tu, nani angejua?"

"Filister angejua," Bi. Dorah akamjibu. "Leo hapana. Lakini taa zingeanguka majini, na watoto wake wangeanza kujua."

Safari ya kukabidhi taa ikafutwa. Fulana za kijani bado ziko stoo, arobaini na mbili, na yeyote anayecheza mpira anaweza kuziomba. Kwa fomu.

Alikwenda Kisegi mwenyewe kumweleza Filister, kwa sababu aliona si haki habari hiyo ipelekwe na dereva. Alimhadithia yote, toka mumi mpaka ukungu mweupe. Filister akamsikiliza, akapiga makofi mara moja, akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Kwa hiyo, nyar Kisii, ungechukua tu huyo mumi, haya yote hayangetokea?"

Bi. Dorah akafikiri kwa uaminifu wake wote. Akakiri kwamba yasingetokea. Akaongeza kwamba hata hivyo asingemchukua mumi.

"Adier," Filister akasema, yaani kweli hiyo. Kisha kicheko kikaisha. "Sasa ahadi yangu?"

Ahadi ilikuwa pale pale. Saa mia, bila risasi, na zilikuwa zimebaki wiki kumi na tano.

Wiki hizo sijui nizielezeje kwa mtu ambaye hakuwepo. Bakuli, karatasi, vinu vya kusagia na kila chupa iliyokuwa imefunguliwa tangu mwezi Novemba vilitolewa. Kabati la mvuke lilisuguliwa mara tatu, na kila mara maji ya kusugulia yalipimwa kwa risasi kabla ya kumwagwa pipani. Bi. Dorah na Beverly walianza upya kwenye bluu ile ile hafifu. Kigae cha kwanza kikafa saa ya tatu. Cha nane kikafika saa ya kumi na moja, tukanunua mandazi. Kisha mvua za Aprili zikaingia, unyevu ukapenya kila mahali, na vigae kumi na vinne mfululizo vikafa kabla ya chakula cha mchana. Kimoja kilizimwa na kupotea kwa umeme. Kingine kilifika saa ya hamsini na mbili, tukawa tunatembea kwa ncha za vidole kana kwamba kina usingizi, na kikauawa na birika la chai lililochomekwa kwenye laini moja nacho. Mwenye birika alijitaja mwenyewe. Siku hizi chuoni imekuwa mtindo.

Kuna siku katika mwezi Mei nilimkuta Beverly ameegemea ukuta analia, na Bi. Dorah yuko mbele yake akihama mguu mmoja hadi mwingine, hajui aweke wapi mikono. Si mtu wa kukumbatia. Mwishowe alimwambia, "Kile cha jana kilikufa saa ya sitini na moja. Cha juzi hamsini na tano. Unalia njiani kwenda juu?" Beverly akacheka huku anafuta pua. Si faraja ninayoweza kuipendekeza kwa kila mtu, ila ilifanya kazi.

Kalenda ya maabara ilikuwa imejaa. Ikawa wazi kwamba nafasi ya mwisho ya kuwasha kwa saa mia kamili kabla Bi. Dorah hajastaafu, bila kugongana na mitihani ya wanafunzi wala tangazo la kukatwa umeme la Jumapili tarehe 15 Juni, ilikuwa kuanza Jumanne tarehe 10, saa nne asubuhi. Piga hesabu. Saa mia kutoka hapo zinaangukia Jumamosi saa nane mchana, katikati ya Sabato.

Dkt. Wangwe alimsihi. Alimwambia kutazama kigae si kazi, ni kutazama. Bi. Dorah akajibu kwamba kwa miaka thelathini amelipwa kwa kutazama. Wakawasha Jumanne. Jumatano kikawaka, Alhamisi kikawaka, bluu ile ile, nguvu zake zikishuka kidogo kidogo. Ijumaa alasiri kilikuwa kimepita saa ya sabini na tano, na kabla ya hapo bluu haikuwahi kuvuka sitini na tisa. Viatu vyake siku hiyo nadhani vilitembea mpaka Homa Bay na kurudi bila kutoka ukumbini.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni aliacha kutembea. Alitoa funguo za chumba cha giza, akampa Beverly. Akampa na kitabu cha kumbukumbu, ambacho kwa miaka yote hiyo hakuna mkono mwingine uliowahi kukiandika. Beverly akauliza, "Nikupigie kikifika? Au kikizima?"

"Simu itakuwa imezimwa."

"Sasa nitafanya nini, Madam?"

"Utaandika ulichoona."

Akaenda nyumbani. Mumewe, Mwalimu Okemwa, anasimulia kwamba Jumamosi hiyo baada ya ibada mkewe alitembea shambani kutoka mgomba wa kwanza hadi wa mwisho mara nyingi sana, akisema anafurahia uumbaji. Hakuwasha simu, wala hakumtuma mtu.

Jumapili saa moja kasoro asubuhi viatu vilisikika ukumbini. Umeme ulikuwa haujakatwa bado. Beverly alikuwa ameshafika, na mimi pia nilikuwa na shughuli fulani stoo ambayo sasa siikumbuki. Bi. Dorah akafungua kitabu. Ukurasa ulikuwa na mwandiko wa Beverly, saa kwa saa, mpaka mstari wa mwisho: saa ya mia moja, kinawaka, bluu, mwanga umebaki kidogo zaidi ya nusu ya ule wa mwanzo. Chini yake alikuwa ameandika matokeo ya kipimo cha unga uliotumika. Risasi, hakuna.

Alisoma ukurasa wote, kisha akausoma tena kuanzia juu. Beverly alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Bi. Dorah akatoa kalamu mfukoni mwa koti, akaandika neno moja pembeni, akatia tarehe. Nilichungulia. Aliandika, "Rudia."

Ndivyo tulivyoachwa. Kigae kimoja, anasema, ni habari njema, na habari njema tulishaipata mwezi wa Februari. Unga mpya umechukua siku kumi kutengenezwa, na Bi. Dorah hakuugusa. Alisimama kando, akazunguka meza, akatoka nje, akarudi, akauma midomo, lakini mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya Beverly peke yake. Kama kigae kinahitaji mkono wa mtu mmoja ili kiwake, alisema, Filister hatakuwa na faida nacho mtu huyo akiondoka.

Kigae cha pili kitawashwa Ijumaa hii ya sherehe, saa mbili asubuhi, wakati sisi tunapanga viti. Kitatimiza saa mia Jumanne tarehe 1 Julai, saa sita mchana. Siku hiyo Bi. Dorah hatakuwa mfanyakazi wetu. Wavuvi wa Kisegi hawajapata taa yao bado. Kutoka kigae cha ukubwa wa ukucha hadi taa ya mashua kuna safari, na hatutadai tumeimaliza. Filister amealikwa kwenye sherehe na amesema atakuja, mradi asiletewe fulana.

Kwa niaba ya chuo, tunawashukuru Mwalimu Okemwa na watoto wao watatu kwa kutuazima mtu huyu kwa miaka yote hii na kwa kumpokea sasa akiwa bado na mwendo. Mpango wake, anasema, ni kulima ndizi na kupumzika. La ndizi tunalisadiki.

Bi. Dorah, asante kwa kila chupa uliyoirudisha na kwa ile siku ya saba ulipotuambia ukweli. Mungu akujalie afya, akupe mvua kwa wakati wake, na maisha yako ya mbele yawe mema. Hatujui kama kigae kitafika, na hatutakudanganya eti kwa kuwa tunakuaga. Kikifika saa mia, Beverly ataandika kimefika. Kikizima saa ya tisini na tisa, ataandika tisini na tisa.

James Maranga
Stoo ya Kemikali